Bia Aliyoitema Tadea

"Ametema!"

Aliyepiga ukelele alikuwa shangazi Notburga, lakini hakuna mtu uani aliyehitaji kuambiwa. Wote walikuwa wameona. Tadea, binti wa mzee Leopold, alikuwa amesimama katikati yao na kitenge chake kipya, glasi ya bia mkononi, na mbele ya viatu vyake povu lilikuwa linanywewa na vumbi.

Mjomba Bartholomayo, mshenga aliyepanda na posa kutoka Mbaha, aliinuka kwenye kiti. Akavaa kofia yake taratibu.

"Mzee Leopold," alisema, "tumetoka ziwani na heshima zetu. Tumejibiwa. Tunashukuru."

"Subiri kwanza, mzee mwenzangu."

"Nisubiri nini? Atapike?"

Usicheke, msomaji. Au cheka kidogo, halafu nisikilize. Katika ukoo wa mzee Leopold baba hajibu posa. Shangazi naye hajibu, ingawa Notburga angependa sana. Upande wa mwanaume huja na pombe yao, binti humiminiwa mbele ya watu, naye hunywa. Akimeza, amekubali, vigelegele vinapigwa. Akitema, amekataa, na mshenga haruhusiwi hata kuuliza kwa nini. Ukiniuliza mimi, ni desturi nzuri. Imewaokoa wasichana wengi na wazee wenye mashamba makubwa ya kahawa.

Shida ni kwamba Tadea hakukataa. Alimpenda Osmund, mposaji mwenyewe, hadi wenzake kazini wakawa wanamtania. Kilichomponza ni kazi yenyewe.

Biashara ya kahawa ilipofunguliwa, kampuni za watu binafsi zikapanda Mbinga kushindana na ushirika, na mojawapo ikamwajiri Tadea kuwa mwonjaji. Kazi yake ni kuzunguka meza ndefu yenye vikombe, achote kahawa kwa kijiko, aifyonze kwa kelele ili harufu ipande puani, aizungushe mdomoni, kisha aiteme kwenye ndoo. Nzuri anatema, mbaya anatema. Ukimeza vikombe vyote vile, moyo utakudunda mpaka kesho.

Basi siku ya posa yake mwenyewe, mbele ya wazee wa pande mbili, Tadea akapokea glasi. Akainusa. Akafyonza, fyuuu, mpaka mama mmoja akashika kifua. Akaizungusha mdomoni. Akatema. Halafu, Mungu amsamehe, akafungua mdomo kutoa maksi.

"Ina ukakasi," alisema.

Alipogundua alichofanya, Bartholomayo alikuwa amekwisha kuvaa kofia.

*

Osmund alikuwa stoo, nyuma ya nyumba ya shangazi Notburga, anakunja nguo zake. Ndiko alikopanga na ndiko alikopikia bia yake. Alikuwa mpikaji wa kiwanda kimoja kikubwa cha bia hadi kilipobinafsishwa na watu wakapunguzwa, naye akiwemo. Akarudi kusini na vipipa viwili vya chuma, chachu yake, na wazo moja ambalo kila mtu aliliona la kichaa: bia ya Mbinga, itakayopikwa na mtu wa Mbinga. Kwao Mbaha kuna joto, na bia ya aina ile inataka baridi ili itulie polepole. Ndiyo maana alipanda huku juu, mahali ambapo mwezi wa saba hata mbwa anatafuta jiko.

Tadea aliingia bila kubisha.

"Osmund, nisikilize. Sikukukataa."

"Najua."

"Unajua?"

"Tadea, hata chai ya kwenu unaifyonza. Nilipoona umevuta ile pumzi nikasema moyoni, tumekwisha." Alicheka kidogo, cheko lisilo na furaha. "Mazoea ya kazi ningewaeleza wazee. Wangeguna, wangecheka, mjomba angevua kofia."

"Basi twende tukawaeleze. Bado hawajapanda gari."

"Nijibu swali moja kwanza. Na unijibu kama mwonjaji, siyo kama mchumba."

"Uliza."

"Ulitema kwa mazoea, au ulitema kwa sababu bia yangu ni mbaya?"

Hapa wengi wetu tungesema uongo mdogo, tukaolewa, tukaishi nao. Tadea hakuwa na ulimi wa namna hiyo. Alitamani kuwa nao, nawaambieni, alitamani sana.

"Vyote viwili," alisema.

Osmund akakaa juu ya kitanda.

"Siyo mbaya yote," Tadea aliharakisha. "Rangi yake safi, nimeona kidole changu upande wa pili wa glasi. Povu limekaa vizuri. Mwanzo wake ulinifurahisha, maua na ganda la limau. Lakini katikati zikaingia nyasi. Nyasi mbichi, zile zilizotoka kufyekwa. Na mwishoni ulimi ukakauka, kama nimetafuna ganda la ndizi mbichi. Yale maua ya hopsi yamekaa humo muda mrefu mno."

Hopsi ni maua makavu ambayo wapikaji wa bia hutumia. Yakichemshwa huipa bia uchungu wake. Osmund alikuwa na ujanja wa ziada: bia ikishatulia na kupoa, aliyaloweka mengine ndani yake bila kuyachemsha, ili yatoe harufu tu. Maua hayo alikuwa akitumiwa na mzee mmoja Mjerumani aliyefanya naye kazi zamani, na kila pakiti aliitunza kuliko shati lake la kanisani.

"Nilitia maradufu," alisema kwa sauti ya chini. "Na nikayaacha mpaka leo asubuhi. Nilitaka baba yako asikie harufu tangu pale anapokaa."

Tadea alihisi machozi yanakuja.

"Ungeniita nionje kabla."

"Uonje kabla, halafu nikupose na nini? Nilitaka ikufikie ikiwa imekamilika. Watu wote wameisifu, Tadea. Fundi cherehani ameisifu. Katekista ameisifu. Wewe tu."

"Walikuwa wanakunywa bure, Osmund."

Alijuta kabla maneno hayajamaliza kutoka. Osmund alifunga begi, akasimama.

"Kiwandani walinieleza kwamba hawanihitaji kwa barua ndefu yenye mhuri," alisema. "Wewe umetumia neno moja, na umelisema mbele ya mama yangu."

"Osmund."

"Pipa la pili lile pale, bado halijatiwa maua. Mwambie shangazi awape nguruwe."

*

Mwaka ule simu za mkononi ndiyo kwanza zilikuwa zimefika Mbinga, na Mbaha zilikuwa hazijafika kabisa. Mtu wa Mbaha akitaka mtandao alipanda kilima nyuma ya shule, akasimama juu ya jiwe, akainua mkono. Kwa hiyo Tadea alijua kwamba kila ujumbe wa Osmund umelipiwa kwa jasho, na kila ukimya pia.

Alituma: "Umefika salama? Nijibu hata kwa neno moja."

Jibu lilikuja kesho yake jioni: "Nimefika."

Neno moja, kama alivyoomba. Shangazi Notburga alisomewa, akasema mwanaume anayekutii akiwa amekasirika bado hajaondoka.

Tadea akatuma tena: "Nisamehe kwa lile neno nililolisema mbele ya watu. Sio kwamba si kweli. Nisamehe kwa mahali nilipolisemea."

Kimya. Wiki ikapita. Kahawa za watu zikaja mezani, Tadea akafyonza, akatema, akatoa maksi, na kila alipotema aliiona kofia ya Bartholomayo ikipanda kichwani. Siku moja simu ikaita akiwa bado na kijiko mkononi.

"Tadea?" Upepo ulikuwa unavuma kwenye simu. "Unanisikia?"

"Nakusikia! Osmund, uko kilimani?"

"Niko kilimani. Nimeona niseme mwenyewe, usije ukasikia kwa watu. Mjomba anataka tukapose Lituhi. Kuna mwalimu mmoja ana binti. Anataka twende kabla ya sikukuu ya Mama Maria mwezi wa nane."

"Na wewe umesemaje?"

"Nimekaa kimya."

"Osmund! Kwa mjomba wako kimya si ni ndiyo?"

"Najua. Lakini nimwambie nini? Kwamba namsubiri aliyenitema?"

"Mwambie..."

Mtandao ukakatika. Tadea alipiga, akapiga, sauti ya mama wa kwenye simu ikamjibu kwa upole kwamba mteja hapatikani. Akaweka kijiko. Akaenda kwa shangazi yake akiwa bado na koti la kazi.

*

Shangazi Notburga alikuwa na kilabu cha pombe ya ulezi, na alikuwa anachuja alipomwona.

"Unalia kweli au ni moshi?"

"Shangazi, wanakwenda kuposa kwingine. Nifanyeje? Hakuna njia ya kurudi?"

Notburga aliacha kuchuja. Akajifuta mikono kwenye kanga, na kwa mara ya kwanza tangu siku ile hakufanya utani.

"Njia ipo. Lakini inauma. Aliyetema ndiye anayepika. Unapika pombe kwa mkono wako, unaibeba, unashuka nayo kwa mwanaume mchana kweupe, na safari hiyo glasi anashika yeye. Akimeza, yamekwisha. Akitema, mwanangu, unarudi na chombo kitupu na watu wamekuona."

"Umewahi kumwona aliyefanya hivyo?"

"Mmoja."

"Mwanaume alimeza?"

"Alitema." Notburga akafikiri. "Lakini pombe yenyewe ilikuwa mbovu, hata mimi nilionja."

Tadea akacheka huku analia.

"Nitakusaidia tupike ya ulezi," shangazi alisema. "Ulezi ninao."

Lakini Tadea alikuwa anaangalia mlango wa stoo.

"Shangazi, lile pipa la pili. Uliwapa nguruwe?"

"Nguruwe gani ninao mimi? Yule mtoto alikuwa na hasira, nikamwacha aseme."

Pipa lilikuwa pale pale kwenye baridi, limetulia, na juu ya msumari ilining'inia pakiti ya mwisho ya maua ya hopsi. Osmund aliondoka na kila kilicho chake isipokuwa hivyo viwili. Tadea aliifungua pakiti, akapitisha pua. Alikaa hapo muda mrefu kuliko kazi ilivyohitaji.

Jioni hiyo alimkuta baba yake anageuza kahawa kwenye kichanja.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Shangazi yako amenitangulia kwa maneno, kwa hiyo usizunguke. Unataka kushuka Mbaha."

"Ndiyo baba. Kama utaniruhusu."

Mzee Leopold aliendelea kugeuza kahawa.

"Siku ile ulipoonja, ulisema kweli?"

"Nilisema kweli."

"Nami najua, maana walipoondoka niliinywa iliyobaki. Ina ukakasi." Akaokota punje mbovu, akaitupa. "Lakini niliimaliza. Na huyo kijana, unampenda kweli?"

"Ndiyo baba. Mpaka nakosa aibu kukwambia."

"Basi unazo kweli mbili. Siku ile ulibeba moja, ukaiangusha nyingine. Nenda, na safari hii ubebe zote."

*

Tadea alipima nusu tu ya maua yale. Akayafunga kwenye kitambaa chembamba alichokichemsha, akatia na jiwe safi ili kisielee, akakizamisha kwenye pipa. Kuanzia hapo kila asubuhi, kabla ya chai, kabla hata ya kupiga mswaki maana dawa ya meno inadanganya ulimi, aliingia stoo na glasi ndogo.

Mara ya kwanza hakupata kitu zaidi ya harufu ya majani makavu. Baadaye likaja ganda la limau, kwa mbali, kama jirani anayemenya upande wa pili wa ukuta. Halafu ua likafunguka. Bia ilikuja safi ulimini, na utamu kidogo wa kimea kama ukoko wa mkate, kisha harufu ikapanda, kisha uchungu mwembamba ukafunga mlango na kuondoka bila kelele. Tadea aliizungusha mdomoni, akatema kwenye ndoo.

"Sasa hiyo nayo unatema kwa nini?" Notburga alilalamika. "Meza hata mara moja! Roho inaniuma."

"Sitameza mpaka nikiwa naye."

"Haya. Imefikia wapi?"

"Imefika. Natoa maua leo."

"Leo? Acha mpaka kesho, iongezeke harufu. Kizuri hakikosi nafasi ya kuzidi."

"Shangazi," Tadea alisema huku akivuta kamba, "hivyo hivyo ndivyo alivyowaza Osmund."

Wakalizungushia pipa magunia ya kahawa yaliyoloweshwa, wakapata lori linalokwenda kubeba samaki. Lori likaharibika Litumbandyosi, na kwa kweli ningeshangaa kama lisingeharibika. Wakati dereva yuko chini ya injini, Notburga alililaza pipa kwenye kijito, akaketi juu yake. Wanaume wakasogea.

"Mama, humo kuna nini?"

"Posa."

"Tuonjeshe kidogo, jua kali."

"Onja. Lakini ukimeza tu, umeolewa wewe, na talaka hupati."

Wakaondoka. Tadea alikuwa ameinama kwenye maji, analowesha magunia upya, anamwomba Mungu wa wapishi na wa mafundi magari.

*

Mjomba Bartholomayo alikuwa anasimamia dagaa, wale wanaoitwa usipa, waliokuwa wameanikwa juu ya mchanga. Aliwaona wanawake wawili wakishuka kutoka barabarani, wamebeba pipa kwenye mti, mmoja mbele mmoja nyuma. Akasubiri mpaka wakafika.

"Shikamoo mjomba," Tadea alisema, akipiga magoti.

"Marahaba. Umekuja kutema na huku?"

"Nimekuja kama desturi inavyosema. Aliyetema amepika."

Watu wakaanza kusogea. Mbaha hakuna siri inayofika kwa pipa la chuma. Mama yake Osmund alitoka jikoni, akasimama mlangoni, mikono kifuani. Bartholomayo alilizunguka pipa, akakwangua gunia kwa kucha.

"Umepika wewe?" aliuliza. "Pipa hili nalijua. Nililipandisha Mbinga kwa mabega yangu. Ni bia ya Osmund. Hujapika chochote, binti. Umerudisha mzigo wa watu."

Minong'ono ikapita. Notburga alivuta gunia, akafunika mahali palipokwanguliwa. Tadea alibaki amepiga magoti, na mahali pa kujificha hapakuwapo.

"Ni kweli, mjomba," alisema. "Kimea alichemsha yeye. Chachu alitia yeye. Baridi ile yote aliivumilia yeye. Mimi nilitia maua, nikayatoa wakati wake, basi. Ningeweza kuja na pombe ya ulezi ya shangazi yangu mkanipokea bila swali. Lakini sikuja kumwonyesha kuwa najua kupika. Nimekuja kumwonyesha kwamba bia yake ilikuwa nzuri. Ilihitaji tu mtu wa kumwambia mpikaji, 'Sasa inatosha.'"

"Na kama hataki kuambiwa?"

"Basi ateme. Nitarudi kwetu, na sitasema kwamba amenionea."

Bartholomayo aliguna. Akatazama juu ya mabega ya watu.

"Hilo siyo langu kuamua. Mwenye glasi huyo anakuja."

Osmund alikuwa ametoka kufua nyavu, suruali imekunjwa magotini, mikono inanuka samaki. Alimtazama Tadea, akalitazama pipa, akaenda kunawa mikono kwa sabuni mara mbili. Mpikaji wa bia hawezi kunusa glasi kwa mkono wa samaki, hata siku ya hukumu. Tadea alipoona hivyo moyo ulimruka, maana mtu anayetaka kutema hasumbuki kunawa.

Notburga alimimina. Povu lilipanda jeupe, likasimama. Osmund aliinua glasi kwenye mwanga, akaona ziwa lote upande wa pili. Akanusa. Akanusa tena, na safari hii alifumba macho.

Kisha akafyonza. Fyuuu! Kwa kelele, kama mtu wa meza ya kahawa.

"Mama yangu," alinong'ona Notburga, "amejifunza. Anatema huyu."

Mashavu ya Osmund yalijaa. Akaizungusha kushoto, akaizungusha kulia. Pwani nzima ilikuwa inaangalia koo lake. Mama yake alikuwa amefunika mdomo kwa upande wa kanga. Tadea aliinama chini na kutazama mchanga, mahali povu litakapoangukia, na akajiambia hatalia mbele ya watu, atalia Litumbandyosi.

Mchanga ulibaki mkavu.

Alipoinua macho, koo la Osmund lilikuwa limepanda na kushuka.

"Umeyatoa lini?" Osmund aliuliza.

"Ulimi uliposema basi."

"Mimi ningeyaacha mpaka kesho yake."

"Shangazi naye alitaka hivyo."

"Nyasi hazipo."

"Hazipo."

"Ukakasi haupo." Akanywa tena, sasa kama mtu mwenye kiu, hadi nusu. "Tadea, hii ndiyo niliyokuwa naisikia kichwani. Tangu kiwandani. Kila mtu aliniambia nimeifikia, nami nikawaamini, kwa sababu nilichoka kuitafuta." Akajifuta macho kwa mkono wa shati bila kuona haya. "Nilikasirika kwa sababu ulimi wako ulisema kitu ambacho wangu ulikuwa unakijua."

"Nami nilikisemea mahali pabaya."

"Ulikisemea mahali pabaya," Osmund alikubali. Kisha akamsogezea glasi. "Lakini huko Mbinga doa la ulichotema bado liko chini. Malizia."

Mtu mmoja mwenye akili alisogeza ndoo ya dagaa mbali na miguu ya Tadea. Yeye alisimama, akashika glasi kwa mikono miwili. Alinusa, hilo hakuweza kujizuia. Lakini hakufyonza. Aliinywa polepole kama maji ya mgeni, mpaka chini, akashusha glasi, akafunga mdomo.

"Hapana, hapana," Bartholomayo alisema, akisogea. "Wewe nakujua. Funua mdomo."

"Mjomba!"

"Funua. Nimeshavaa kofia mara moja kwa ajili yako."

Tadea akafunua mdomo mbele ya kijiji kizima, kama mtoto aliyepewa dawa.

"Inua ulimi."

Akainua. Bartholomayo alichungulia huku na huku, akakunja uso, akachungulia tena. Halafu akavua kofia yake na kuirusha juu ya usipa.

"Hamna kitu! Amemeza!"

Kigelegele cha kwanza kilitoka mlangoni kwa mama yake Osmund. Cha pili kilikuwa cha Notburga, nacho hakikukatika upesi, maana alikuwa na deni la siku nyingi. Watu wakaleta vikombe, mabakuli, hata kifuniko cha sufuria. Mtu akatumwa kilimani kumpigia mzee Leopold, akarudi na ujumbe kwamba mzee ameuliza kama kuna iliyobaki.

Osmund alimvuta Tadea pembeni, karibu na nyavu.

"Sasa nijibu swali moja," alisema kwa sauti ya chini. "Kama mwonjaji, siyo kama mchumba. Umemeza kwa sababu bia ni nzuri, au umemeza kwa sababu yangu?"

Tadea alilamba povu lililobaki mdomoni, akafikiri kwa haki, kama anavyofikiri mezani kabla ya kutoa maksi.

"Vyote viwili," alisema.